Kigoma Inalindwa Ng'ambo

Batuli, nimetoka kwa bibi, kule Kipalapala, sasa hivi na machozi hayanikauki. Leo ndiyo amenieleza baba yake alivyopotea.

Mwaka 1943 mama yake, Eustadia, alikuwa na mimba yake bibi. Mumewe, Kasimiri, alijiunga na jeshi la Mwingereza kwa sababu waliambiwa askari wa Tabora watalinda reli ya Kigoma. Kigoma si mbali. Angekuja likizo amwone mtoto.

Siku ya kuondoka, Eustadia akampelekea michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, stesheni. Akakuta kichwa cha treni kimeelekea Dar es Salaam. Dar, Batuli, siyo Kigoma.

Akamfuata mkalimani wa afisa Mwingereza. "Baba, treni imegeuzwa vibaya. Kigoma ni huku."

Mkalimani akamjibu kwa upole, "Wakubwa wa London wamebadili mpango, mama. Wanataka Mjapani azuiliwe huko huko aliko, asifike kwetu. Sasa Kigoma inalindwa ng'ambo ya bahari."

Inalindwa ng'ambo ya bahari. Bibi alilirudia neno hilo.

Kasimiri alikuwa ameshapanda. Eustadia akampitishia michembe dirishani, wakashikana mikono mpaka treni ikawaachanisha.

Vita vilipokwisha, kila treni ya askari ilipoingia, Eustadia alikuwa pale na bibi mgongoni. Siku moja askari aliyekuwa na Kasimiri akamwambia walimzika Burma, kando ya mto.

Eustadia akamuuliza mto huo unaitwaje.

Yule askari hakujua.