Pai za Enid katika Baa ya Kondoo Dume

Haxwold, 4 Machi

Mwanangu Hester,

Salamu nyingi. Sisi huku tu wazima, isipokuwa goti langu, nalo nimeshalizoea. Wewe na mumeo Callum hamjambo na joto la huko Australia? Mama yako anakusalimu. Yuko jikoni, maana kesho ni Alhamisi, siku ya gulio, na wafugaji wakishauza kondoo wao hawana subira ya kungoja pai.

Umeuliza habari za baa. Wageni wanakuja, hasa mwisho wa wiki, kupiga picha boriti za darini na kugonga vichwa humo humo. Juzi mmoja aliuliza kwa nini bia yetu haina ubaridi. Norman Sowerby, aliyekuwa amekaa pale pale pake karibu na moto, akamwambia, "Bwana, ukitaka baridi, kakae nje." Mgeni akacheka, akaongeza bia ya pili.

Nakutakia heri.
Babako


Perth, 2 Aprili

Baba, shikamoo.

Sisi hatujambo. Callum amepona mafua. Goti ulipeleke kwa daktari, usilizoee.

Siku hizi nikikumbuka nyumbani nafungua mtandao na kusoma maoni ya wageni wa Kondoo Dume. Najua wewe huyasomi. Mmoja kasema: "Moto mzuri, mbwa wanakaribishwa, mwenye baa hacheki lakini bia yake safi." Mwingine: "Choo kiko uani, nendeni na mwavuli." Nilicheka peke yangu kazini.

Lakini kuna mengine. Tangu Krismasi watu wanalalamikia pai. Mama mmoja anayekuja kila mwaka kasema safari hii ilikuwa chumvi tupu. Mwingine kasema nyama yake ilitiwa sukari. Na wa mwisho kaandika: "Ubao wa mlangoni unasema pai zinapikwa hapa. Uongo. Hii ni ya kiwandani, na mwenye baa anajua."

Mama hawezi kumpa mtu pai ya kiwandani. Kuna nini, Baba?

Mwanao,
Hester


Haxwold, 20 Aprili

Hester,

Tu wazima. Mvua haijakatika wiki hii, na mto umefika kwenye ukuta wa kanisa.

Hao wa mtandaoni wasikunyime usingizi. Mtu anayeshuka kwenye basi la watalii, akala huku anatazama saa, hajui figo wala ini. Kinywa chake, mwache aseme.

Mama yako hajambo.
Babako


Perth, 11 Mei

Baba,

Natumaini hujambo. Jumapili nilipopiga simu Mama aliniuliza shule inakwendaje. Nikadhani anatania. Akauliza tena, na kama nimevaa koti. Ukachukua simu ukasema laini ni mbovu. Laini haikuwa mbovu.

Wageni unaweza kuwaambia utakalo. Mimi si mgeni.

Hester


Haxwold, 30 Julai

Mwanangu,

Nimechelewa kujibu. Natumaini mko salama.

Ilianza vuli iliyopita. Daktari ameshaupa ugonjwa jina lake, na amesema haurudi nyuma. Mikono ya mama yako bado inajua kazi: anakanda unga, anausukuma, anafunika bakuli kama zamani. Ila akishatia chumvi husahau, akatia tena. Au anashika kopo la sukari.

Nikaona nifanye hivi: nilinunua pai kwenye ghala la mji wa jirani, nikaziingiza kwa mlango wa nyuma. Hizo ndizo walizokula wageni. Zake zilikwenda kwa nguruwe wa Norman. Mama yako aliona sahani zinarudi tupu, akalala na furaha. Nikasema bora niitwe mwongo mimi.

Mwezi wa Juni alitoka jikoni na aproni yake, akaenda kwenye meza ya wageni na kuuliza, "Pai yangu mmeionaje?" Mwanamke mmoja akamjibu kwa upole kabisa, "Samahani, mama, hii ni ya dukani." Enid akachukua uma wa yule mwanamke akaonja. Akanigeukia. "Cyril, hii si yangu. Zangu ziko wapi?"

Akafungua aproni, akaiweka juu ya kaunta, akapanda ghorofani. Hajaingia jikoni tangu siku hiyo. Anakaa dirishani. Si ugonjwa uliomfanya hivyo, ni mimi.

Babako


Perth, 14 Agosti

Baba,

Nimeisoma barua yako, nikampa Callum naye akaisoma. Pole sana. Hukumfanyia ubaya kwa kutaka.

Callum anasema uuze baa. Mimi nilifikiri niwaandikie wale wageni kwamba mpishi anaumwa, wapunguze maneno. Niambie lipi. Na umwambie Mama kwamba namuulizia.

Mwanao,
Hester


Haxwold, 12 Septemba

Mwanangu Hester,

Natumaini hamjambo. Usiwaandikie kitu. Walilipia chakula, wakasema walichoonja. Na siuzi.

Nimefuta pai kwenye ubao. Nilimweleza Norman mambo yote, na habari ya nguruwe wake pia. Akanitazama, akasema, "Wewe ni mpumbavu, Cyril, ila nguruwe wanashukuru." Alhamisi baada ya mnada akasimama chini ya ngazi na kuita, "Enid! Watu wana njaa huku. Mumeo anatupa mkate na jibini kama wafungwa."

Nikasikia ngazi inalia.

Alipika, wao wakangoja mpaka alasiri. Nilijua ni sukari tangu harufu. Wafugaji wakainama juu ya sahani kama watu walio kanisani. Norman akaomba haradali, akamaliza yote. Enid akatoka, akauliza, "Mmeionaje?"

"Tamu, Enid," akasema Norman.

"Lazima iwe tamu. Nimeonja. Ni sukari." Akawatazama mmoja mmoja. "Na ninyi mnakula tu. Hamna hata mmoja mwenye ulimi?"

Wakacheka, naye akacheka kuliko wote. Kisha akaniambia mbele yao, "Alhamisi ijayo usimame nami. Chumvi utie wewe, mimi niseme ikitosha. Na usinifiche tena kitu jikoni mwangu."

Sasa nasimama naye. Ananigombeza kwamba nina mkono mzito. Siku nyingine ananiita kwa jina la baba yake, nami naitika. Pai ni za watu wa gulio tu. Wageni wanapata supu.

Babako


Perth, 25 Septemba

Mama mpenzi,

Habari za huko? Sisi ni wazima.

Kuna mgeni ameandika juu yenu, nami nakunakilia umwambie Baba akusomee kwa sauti: "Tulinyimwa pai. Jikoni wazee wawili walikuwa wanagombana juu ya kijiko cha chumvi, na supu yetu ikachelewa sana. Nyota mbili."

Nimepata likizo, nakuja katikati ya Oktoba, na nitakaa mpaka mwaka mpya. Nikiingia mlangoni, kama hutanijua, usihangaike kutafuta jina. Nitajitambulisha kama mtu mwingine yeyote, nawe unipe kisu na viazi, unielekeze pa kukaa.

Mwanao,
Hester