Madaraja Matatu

Jumatatu, 7 Juni 1999
Chai ya rangi, kisha chumba cha mitambo. Kompyuta zinajikokota tena. Ujumbe unaotafuta njia hujinakili kwenye kila daraja, yaani kile kifaa kinachounganisha mtandao wa jengo moja na la pili. Nakala zimejaa kama panzi. Bosi wa mgodi kanifokea mbele ya watu. Nimechukia.

Jumatano, 9 Juni
Nimepunguza kikomo. Ujumbe ulikuwa unaruhusiwa kuvuka madaraja saba, sasa mwisho matatu. Kwa mchoro wa mtandao uliobandikwa ukutani, hakuna jengo lililo mbali zaidi ya hapo. Kasi imerudi. Bosi kanishika bega. Nimejisikia mtu.

Alhamisi, 10 Juni
Nimepishana na Mama Kulwa wa stoo ya sampuli. Kanisalimu kwa Kisukuma: "Mwangaluka, fundi." Anasema kompyuta yake imetulia sana tangu jana. Nimemwambia ndiyo kazi ya fundi. Kacheka.

Ijumaa, 11 Juni
Mama Kulwa amefariki.

Mchana walilipua mwamba shimoni. King'ora kiliharibika mwezi jana, kwa hiyo tangazo la mlipuko hupita kwenye kompyuta. Stoo yake iko karibu na ukingo wa shimo. Desturi yetu hapa ni moja: kioo cha kompyuta kikiwa kimya, hakuna mlipuko. Akabeba trei ya sampuli kwenda maabara kwa njia ya mkato. Jiwe likampiga kichwani. Hospitali hawakufika naye.

Siwezi kula.

Jumamosi, 12 Juni
Nimefuata waya kwa miguu, kutoka ofisi ya walipuaji mpaka stoo. Madaraja manne. La nne nililiongeza mimi mwenyewe wakati wa masika, ili kukwepa nyaya za karakana zilizoingia maji. Nilisema nitalichora kwenye mchoro kesho. Sikulichora.

Nimerudisha kikomo kuwa saba.

Ripoti ya bosi imebandikwa ubaoni: marehemu alipuuza tangazo. Kompyuta ya walipuaji inaonyesha lilitumwa, basi kwao yameisha. Nimeisoma, nimeondoka. Mwoga mkubwa mimi.

Jumanne, 15 Juni
Ushetu, kijijini kwa Mama Kulwa, msibani. Nilikaa mkekani na wanaume. Baba Kulwa kaniuliza taratibu kama ni kweli mkewe alikuwa mbishi kazini. Watu wa mgodini wamemwambia hivyo.

Nikamjibu kwamba tangazo halikumfikia. Mimi ndiye niliyelizuia, kwa uzembe wangu.

Nilingoja anifukuze. Akawaita pacha wake, Kulwa na Doto, wakaja wakaniamkia shikamoo. Akawakalisha mbele yangu, akaniambia niyarudie maneno yale, wayasikie na wao.

Nikayarudia.