Chai Aliyoomba Mama

Goma, Ndosho, tarehe 14 Septemba

Kwako Yaya Jean de Dieu, kaka yangu mkubwa,

Nakusalimia kwa jina la Bwana, wewe na wifi Daniella na watoto wote wawili. Habari ya Beni? Mgongo wako, ule uliokuwa ukikusumbua tangu Pasaka, umepata nafuu? Na mwanao Kambale mdogo, amerudi masomoni? Sisi huku tunapumua, tunamshukuru Mungu. Mvua imeanza, na vumbi la mawe meusi limetulia kidogo njiani.

Barua hii nimemkabidhi Mama Gisèle, yule jirani anayefanya biashara ya vitenge. Anapita Uganda mpaka Kasindi, kisha Beni, na ameniahidi kukufikishia mkononi. Najua utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Nimejaribu mara tatu. Kila ukisema "Kahindo, sema", naishia kukuuliza bei ya mafuta ya mawese.

Nataka kukueleza ugonjwa wa Mama tangu mwanzo, kwa sababu barabara ilifungwa kwa vita na wewe hukuona.

Mwezi wa pili kidonda cha mguu wa Mama kilianza kunuka. Nilimpeleka kwa Cikuru, muuguzi wa kituo cha afya cha hapa karibu, mtu mpole sana. Akapima, akakuta sukari mia tatu na themanini. Akamwandikia sindano ya insulini asubuhi na jioni, akanifundisha mimi kumchoma. Halafu akatuambia mambo ya chakula: bugali, mihogo, viazi, ndizi, mkate, wali, vyote hivyo vinageuka sukari mwilini, kwa hiyo vipunguzwe polepole, na mboga ziongezwe, na samaki, na mayai, na tunda la avoka. Mama akacheka. Alisema Munande ambaye hajala obundu, ule bugali wa muhogo, hajala kitu, na zaidi ya hapo, yeye mwenyewe ni muuzaji wa unga wa muhogo, sasa wateja watamuonaje?

Cikuru alisema jambo lingine pia, na nakuomba ulishike. Alisema nikishapunguza chakula, nimrudishe Mama baada ya wiki moja ili na sindano ipunguzwe, kwa sababu dawa iliyopimwa kwa mtu anayekula bugali ni nyingi mno kwa mtu asiyekula.

Yaya, unanijua. Mimi nikishika kitu sikiachii. Sikupunguza polepole, niliondoa vyote siku moja. Nilitoa hata unga wa nyumbani, sisi wote tukala kama Mama. Asubuhi mayai na kabichi, mchana mboga ya lengalenga na samaki wadogo wa sambaza, jioni sombe ya majani ya muhogo na nusu ya avoka. Mama alinung'unika wiki mbili, kisha akazoea. Na sukari ilishuka kweli! Mia mbili na ishirini, mia na sabini, mia na thelathini. Kidonda kikafunga. Jumapili ya Matawi alitembea kwa miguu yake mpaka parokiani, akawaambia wamama wa kwaya, "Mutoto wangu ndiye daktari wangu." Nilijisikia mkubwa kuliko Cikuru. Ile wiki moja ya kurudi kwake ikapita, nikasema nitaenda ijayo. Nilikuwa na namba nzuri, niende kufanya foleni kwa nini? Mwezi wa tano vijikaratasi vya kupimia sukari nyumbani vikakosekana mjini. Sikupima tena, lakini kuchoma niliendelea kuchoma, kipimo kilekile.

Jumamosi ile ya mwezi huohuo Mama aliamka na kichefuchefu. Nilimchoma sindano yake kama kawaida, akala vijiko viwili vya lengalenga, akasukuma sahani. Kwenye saa nne alianza kutokwa jasho na kutetemeka mikono. Akaniambia, "Kahindo, nipatie chai ya sukari. Kikombe kidogo tu." Nilimjibu kwamba si yeye anayeomba, ni ugonjwa unaomba. Akarudia mara ya pili, akarudia mara ya tatu, tena kwa hasira, na wewe unajua Mama hakuwa mtu wa hasira. Niliona kama ni tamaa tu. Papa, aliyekuwa ameketi kando ya mkewe, akasimama, akamimina chai, akatia sukari vijiko viwili. Nikamnyang'anya kikombe mkononi. Nilimwambia, "Papa, unataka kumuua?" Nikakimwaga nje.

Ndiyo, Yaya. Ni mimi. Si Papa.

Baada ya hapo Mama akaanza kuniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani, kisha macho yakageuka. Tulimpandisha kwenye pikipiki, Papa amemshika kwa nyuma, mimi nakimbia. Cikuru akapima: ishirini na moja. Alimtia maji ya sukari kwenye mshipa, akahangaika naye mpaka jasho likamtoka yeye pia. Mama hakuamka. Saa nane mchana alikata roho. Cikuru akaniuliza alikula nini, alichomwa kiasi gani. Nikamwambia. Akainamisha kichwa, akasema sukari ilikuwa imeisha mwilini, na pale mwili wenyewe ndio uliokuwa unaomba kuokolewa. Papa alikuwa amesimama mlangoni, akasikia yote.

Kwenye kilio, Mama Mukubwa Henriette aliuliza mbele ya watu kama dada yake aliomba kitu mwishoni. Nilifungua mdomo. Papa akanitangulia: "Aliomba chai ya sukari. Nikamukatalia mimi." Neno hilo ndilo lililokufikia Beni. Ndilo lililokufanya umwambie kwenye simu kwamba huna tena baba. Tangu siku hiyo anakupigia, wewe hupokei.

Baada ya mazishi nilimwendea Papa, nikalia, nikamwambia nitakueleza ukweli. Alisema, "Acha. Mimi ni muzee, nimebakiza siku chache za kuchukiwa. Wewe uko na nyingi." Nikanyamaza, na kunyamaza kulikuwa rahisi, hiyo pia ni dhambi yangu. Miezi minne nimekula naye sahani moja, nikiangalia anavyokonda kwa kosa langu.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Ukitaka kuniita muuaji, niite, nitaitika. Nimekwenda kwa padri, nimekwenda kwa Cikuru, na sasa nimekuja kwako, nawe ndiwe niliyekuogopa kuliko wote.

Wifi Daniella mwambie namkumbuka sana, na watoto uwabusu kwa niaba ya shangazi yao. Mungu awafunike huko mlipo, na barabara ifunguke.

Ukimaliza kusoma, mpigie Papa. Usimweleze kwamba nimekuandikia, na usimuulize habari ya Mama. Muulize tu leo amekula nini.

Ni mimi mdogo wako,
Kahindo