Sauti Iliyoiva

Jumanne, 5 Agosti 2025

Nimechoka. Siku nzima mashine ya kufunga mishumaa inakwama, na kila ikikwama supavaiza ananitazama mimi, kama vile ni mimi niliyeizaa. Saa ya chakula nikajificha nyuma ya stoo na githeri yangu, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya maji, nikamalizia ile filamu ya Kijapani ya kijana wa upanga. Niliianza Ijumaa.

Wigi! Wale watu wanajua kutengeneza kila kitu isipokuwa wigi. Kwenye vitabu vyao vya katuni nywele za buluu zinapendeza, ni wino tu. Mvalishe mtu mwenye damu, anakuwa mwanasesere wa dukani. Na kabla ya kupiga lazima atangaze jina la pigo. Jamani, adui si anakusikia?

Lakini nilitazama hadi mwisho. Huwa natazama hadi mwisho. Ni kwa sababu ya vile wanavyokula. Hata muuaji akipewa bakuli la wali anashukuru kwanza, anakula polepole, na kamera inamngoja amalize. Sisi tuna dakika thelathini, na foleni ya bomba iko humo humo ndani.

Kaka Mulama amerudi kutoka soko la Muthurwa na flashi zake za filamu hazijaisha. Sauti bado inakwaruza. Unaingia mwezi wa tano sasa tangu ianze. Anatafuna tangawizi kama muwa.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani mpaka saa saba, halafu Kayole kwa Mbuthia. Ukumbi wake wa video umejaa hadi mlangoni, na Mulama kando ya skrini na maiki yake. Miaka kumi na moja anaongea juu ya filamu za watu. Wajapani wanaandika maneno yao, yeye anayafunika na yetu. Samurai anaitwa Otiende, mke wake Shirleen, na ukoo mzima umetoka Dandora.

Leo inauma kidogo kwa sababu filamu ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyempa. Mzee anayetengeneza panga anamsindikiza binti yake stesheni ya treni. Wanakaa kwenye benchi. Dakika tisa hakuna anayesema kitu. Nilizipima kwa simu siku ya kwanza kuitazama, nikalia nyuma ya stoo mpaka Warigia, tunayefunga naye mishumaa, akadhani nimefiwa. Sasa Mulama: “Mzee anajiuliza, huyu msichana alizima jiko kweli?” Ukumbi ukaanguka kicheko. Mimi pia nikacheka, na hapo ndipo hasira iliponishika.

Njiani kurudi Komarock nikamwambia angewaachia watu kimya chao. Akasema watu wa Mbuthia wakisikia kimya wanadhani stima imepotea. Halafu akakohoa, akatema kwenye kitambaa, akakikunja haraka. Niliona nyekundu. Akasema ni bitiruti. Hatujapika bitiruti mwaka huu.

Jumatano, 13 Agosti

Nimeomba ruhusa kazini, nikampeleka. Alikuja akinung'unika kama mtoto wa chanjo. Daktari ni mama mmoja mtulivu, hana haraka. Alipitisha kamera nyembamba puani hadi kooni, akatazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kuna uvimbe. Amekata kipande kiende maabara. Majibu Jumanne. Mpaka hapo asiongee, hata kwa kunong'ona.

Kisha akauliza: sauti ilianza kubadilika lini, na mbona hamkuja mapema?

 Nilikumbuka Aprili. Jioni moja Mulama alikuwa anarekodi chumbani, anaigiza mzee wa filamu nyingine, na sauti ikatoka nzito, ina mchanga ndani yake. Nilikuwa nakuna nazi. Nikaacha. Nikamwambia, kaka, sasa umepata. Sauti imeiva. Usiipoteze hiyo.

Kule Muthurwa nao wakasema hivyo hivyo. Wateja wakawa wanaomba “zile za sauti mpya”. Ma-DJ wengine wa filamu wakamuuliza anakunywa nini. Mtu wa kazi nyingine akikwaruza koo wiki tatu anaenda kliniki. Yeye alisifiwa.

Ijumaa, 15 Agosti

Nyumba ina kimya kibaya. Mulama anaandika kwenye simu yake, ananiletea nisome. “Chumvi kidogo.” “Zima hiyo redio.” Mpaka makosa ya tahajia ni yake.

Mchana kazini nimemalizia mchezo wa jukwaani, umerekodiwa hukohuko Japani. Umetokana na katuni ya vijana wa timu ya makasia. Maji hakuna, mashua hakuna. Vijana wanane wamekaa sakafuni wanavuta makasia hewani na kuimba, jasho linawatiririka. Na mimi niliuona mto. Maoni yangu, ingawa hakuna aliyeyaomba: jukwaa linaishinda filamu. Filamu inataka uamini kwamba wigi ni nywele. Jukwaa linakuambia hii ni wigi, wewe unajua, mimi najua, haya tuendelee. Kuna na wale watu wanaovaa nyeusi mpaka usoni, wanaingia kusogeza viti. Unawaona kabisa, halafu unakubali kutowaona. Napenda makubaliano hayo.

Mwisho wote wanainama kushukuru. Dakika kumi nzima wanainama! Warigia akachungulia akauliza bado niko na Wachina wangu. Nikamwambia Wajapani. Akasema basi, hao. Akauliza mbona wanainama hivyo, wamekosea nini. Nikamwambia ni asante. Akatazama kidogo, akasema hapa hata ukikatwa kidole hawakuambii pole.

Jumapili, 17 Agosti

Aibu. Niandike tu ipite.

Mbuthia alinipigia. “Madam, wewe ndiye unazijua hizo za Japan. Kuja ushike maiki, watu wamefika.” Mulama akaitikia kwa kichwa, akavaa skafu yake, tukaenda wote. Akakaa benchi la nyuma.

Nilisoma maandishi ya chini kama yalivyo, kwa Kiswahili safi. Jina la samurai nikaliacha la Kijapani. Sikuongeza neno. Nilijiambia hatimaye watu hawa wataiona filamu yenyewe. Dakika ya kumi na tano mtu akapaza sauti kutoka nyuma: “Sister, unatusomea tangazo la kifo?” Wakacheka. Baadaye wakaacha kucheka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Wawili wakalala. Fundi mmoja wa kuchomelea, Githinji, ambaye hajawahi kukosa Jumapili, akageuka akamwambia Mulama, “Buda, rudi kazini, tunaumia huku.” Mulama akainua mkono tu.

Nimekuwa nikimdharau, niseme ukweli. Miaka kumi na moja. Nilidhani anapiga kelele juu ya kazi ya watu wenye akili. Wale watu wamebeba magunia siku sita, na yeye huwaweka macho masaa mawili bila kuwafukuza hata mmoja. Mimi nimewalaza kwa robo saa.

Jumanne, 19 Agosti

Ni saratani. Iko kwenye sanduku la sauti. Daktari anasema sanduku likitolewa lote sasa, ana nafasi nzuri ya kupona. Atapumulia tundu shingoni. Hataongea tena kama anavyoongea. Akingoja, saratani itashuka.

Mulama akaandika kwenye simu, akamwonyesha daktari kabla yangu: “Nitafikiria.”

Sijala.

Jumamosi, 23 Agosti

Amekataa. Siku nne nimembembeleza, nimemletea mchungaji, nimempikia kuku wa kienyeji. Leo akachoka na simu, akanong'ona, na nikashindwa hata kumkataza kwa sababu nilikuwa nimeikosa ile sauti. Akasema: “Mimi ni sauti, Khavere. Mkiitoa, mtarudi na nani nyumbani?”

Nikamwambia nitarudi na kaka yangu.

“Kaka yako ni DJ.”

Basi nikalitapika lililokuwa moyoni. Nikamwambia ni mimi. Aprili nilisema imeiva. Ningesema nenda hospitali, leo ungekuwa umekunywa dawa ukapona. Niliusifu ugonjwa nikidhani ni ufundi, mimi ninayejifanya mjuzi wa waigizaji. Nililia vibaya, mpaka jirani wa chini akagonga bomba.

 Mulama akasema, na sitasahau, “Miaka yote, hiyo ndiyo mara yako ya kwanza kunisifu. Nilienda Muthurwa kesho yake nikitembea kama chifu.”

Akaenda kulala. Nimeosha vyombo mara mbili.

Jumapili, 24 Agosti

Ameenda kwa Mbuthia licha ya amri ya daktari. Sikumzuia, nilichoka kumzuia. Akataka ile filamu yangu, ya mzee na binti. Mbuthia akasema wameiona juzi. Mulama akaiweka.

Sauti ilikuwa imebaki kama kamba iliyokatika nyuzi, lakini hakuna aliyelala. Otiende alirudi, Shirleen alirudi, Dandora yote ilirudi. Githinji alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha stesheni. Mzee na binti wakakaa kwenye benchi. Mulama akaleta maiki mdomoni.

Hakusema kitu.

Dakika moja. Mtu akauliza kama maiki imekufa. Mwingine akamwambia nyamaza wewe. Dakika ya tatu nilisikia feni. Hakuna aliyetoka nje, hakuna aliyepiga mluzi. Wanaume wazima wa Kayole wametulia wakimtazama mzee wa Kijapani akifuta vumbi kwenye mkoba wa binti yake. Dakika tisa zote. Treni ikafika, na Mulama bado hakuongea, mpaka majina yakapita kwenye skrini. Watu wakatoka polepole wakimshika bega.

Sijui kama alinipa zile dakika au ni sauti iliyomkatikia pale. Njia nzima nilitaka kumuuliza. Nimeogopa majibu yote mawili.

Alhamisi, 28 Agosti

Hospitali imepiga simu. Mgonjwa mmoja ameahirisha, nafasi ya upasuaji ni Jumatatu asubuhi. Nikamwambia Mulama. Akaandika: “Nitaenda kusikiliza tu.” Kusikiliza tu. Sawa. Nimepiga pasi shati lake jeupe.

Mama alipiga kutoka Vihiga. Hajui jina la ugonjwa, anajua koo. Akataka kuongea na kijana wake. Nikampa simu. Mama akaongea kuhusu mahindi, ng'ombe, jirani Asenath aliyezika shemeji. Mulama akasikiliza hadi mwisho, kichwa kikienda juu na chini kana kwamba Mama anamwona. Nikaisikia sauti yake Mama ikiuliza: “Mulama? Uko?” Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akagonga simu kwa kucha, mara mbili. Mama akasema, “Haya, nimekusikia, baba.”

Filamu yoyote ya Kijapani ingeishia hapo, na mvua ingenyesha. Kwetu Mama akaendelea na ng'ombe.

Jumatatu, 1 Septemba

Saa tatu na nusu. Benchi la wodi ya upasuaji. Naandika ili mikono ipate kazi. Tumefika saa kumi na mbili. Amevaa lile shati. Mbuthia ametuma ujumbe kwamba Jumapili hataweka filamu, atafunga ukumbi.

Daktari amekuja, yule yule mtulivu. Ameeleza tena, akichora koo kwenye karatasi. Kuna mashine ya kushika shingoni, inatoa sauti kama redio mbovu. Kuna watu wamejifunza kuongea kwa njia nyingine. Hakuahidi kitu. Mulama alisikiliza tu, kama alivyosema.

Nesi ameleta fomu ya kukubali. Nilinyoosha mkono kuipokea. Akasema hapana mama, hii ni ya mgonjwa mwenyewe, hakuna wa kumsemea. Ameiweka gotini kwa Mulama.

Saa nne. Iko gotini. Nesi amepita mara mbili, anatazama, anaenda. Mgonjwa anayefuata ameshavalishwa gauni la kijani, yuko hapo kwenye kiti cha magurudumu, na mke wake anamfunga kamba za mgongoni. Nesi ametuambia kwa upole wasipopata jibu sasa watamwingiza huyo.

Sijamwambia kitu Mulama. Nimebaki na maneno mengi na nayashikilia kwa meno. Ninatazama daftari hili ili nisimtazame yeye.

Amenigusa kiwiko. Nikadhani ana la kunionyesha kwenye simu. Simu iko mfukoni, hajaitoa. Amenyoosha mkono wazi, anangoja, anatazama vidole vyangu.

Anataka kalamu hii