Sikai Kiti cha Alfa

Kaka Karisa,

Kutoka Ganze hadi Malindi hakuna kichwa kama changu. Nisingezaliwa, hata jua lisingejua pa kuchomozea. Usinune. Wewe ndiye uliyeanza kunisifu, mimi nimeendeleza tu.

Nakuandikia nikiwa na hasira. Jumamosi walikuja wageni kwa maneno ya mahari ya dada yetu Kadzo. Mama akapanga viti uani, na kile chako cha kamba akakiweka pale pale pako, kando ya Baba Mdogo. Tangu tukuzike hakuna aliyekikalia. Basi Baba Mdogo, unamjua, akikohoa ujue amri inakuja, akakohoa. "Safari, kaa hapo. Karisa ameondoka, sasa mkubwa ni wewe."

Ati mkubwa ni mimi! Kwani wewe ulikuwa balbu, ukiungua inatiwa nyingine?

Unakikumbuka kile kitabu ulichookota Kilifi ulikopeleka mkaa, hakina jalada, kurasa zinanuka mafuta ya taa? Wewe ulikuwa ukifuata mstari kwa kidole cheusi, mimi nikikusahihisha kwa madaha. Ndimo tulimojua kwamba nyota nazo zina ukoo. Kila moja hupewa herufi ya Kiyunani, kisha jina la kundi lake: Alfa ya Jabari, Beta ya Jabari, Gama ya Jabari. Ukacheka ukapiga paja. "Aa, kama sisi tu! Karisa wa Charo, Safari wa Charo!"

Tangu hapo, tukirudi na madumu ya maji giza limeingia, Jabari, lile jitu la nyota, amesimama juu ya shamba, wewe ulikuwa Alfa, ile nyekundu ya begani. Mimi Beta, ile nyeupe ya mguuni. Na sikukuacha upumue: "Tazama vizuri, mzee! Beta ndiye anayewaka zaidi. Wewe herufi ya kwanza umepewa kwa huruma." Nawe hukukasirika hata siku moja. "Bega kazi yake kubeba. Wewe waka tu."

Basi hayo yote niliyamwaga mbele ya wageni, nimesimama. Nikawaambia, hata Alfa azimike leo, Beta haitwi Alfa. Herufi haihami! Beta atabaki Beta ya Jabari, na nafasi ya mkubwa wake itabaki ya mkubwa wake. Nani amewapa ruhusa ya kumfuta Karisa katika ukoo wake kwa kikohozi kimoja?

Baba Mdogo akanitazama weee. "Mtoto, mahari haijadiliwi na nyota."

Mama akacheka, Karisa. Mara ya kwanza tangu matanga.

Ingeishia hapo ningekuwa shujaa. Lakini mzee mmoja wa wale wageni akauliza, "Huyu ndiye yule msomi?" Baba Mdogo akajibu, tena kwa upole, "Ndiye. Marehemu hakuwa na hadithi nyingine. Ndiyo sababu nataka kile kiti akikalie yeye."

Nikaondoka. Nikaenda kusimama nyuma ya jiko mpaka wageni wakaaga, kiti bado kitupu. Walidhani ni uchungu wa msiba. Kadzo akaniletea chai, akanishika mkono, akaniambia nina moyo mkubwa. Chai ile sikuweza kuinywa.

Haya, kwaheri Alfa wangu. Udongo wa Ganze usikulemee, ulishabeba vya kutosha. Kiti chako sitakikalia, hilo nimeapa. Na kesho asubuhi nitasimama mbele ya kiti hicho nimwambie Mama jambo moja, kisha nimfuate Baba Mdogo nimwambie na yeye. Lakini naanza na wewe, maana mkubwa ni wewe.

Shule niliiacha Kidato cha Pili. Hakuna aliyenifukuza. Niliona masomo yamenizidi, nikaona haya kusema, mimi mwenye kichwa changu. Karo uliyonilipia kwa mkaa wako wa mwaka mzima niliila Malindi nikiosha tuktuk, na kila likizo nilikuja kukusimulia mitihani ambayo sikuifanya. Hata sweta ya shule niliyovaa siku ya kukuzika, niliiazima.

Umekufa ukiwaambia watu kwamba nawaka.

Mdogo wako,
Safari wa Charo