Hedi Ziko Kitandani Kwako

4 Februari

Kaka yangu mpendwa,

Kwa heshima na taadhima, na baada ya kikao kirefu kilichohudhuriwa na mimi na Mama, natangaza rasmi kwamba boneti ya gari la marehemu Baba imefunguka. Imefunguka kwa nyundo, lakini imefunguka. Panya aliyekuwa na makazi juu ya injini amehama kwa hasira.

U hali gani huko? Huku sisi wazima, ukiacha magoti yangu, ambayo yameamua kuzeeka kabla yangu. Mkono wa kushoto wa Mama bado mzito tangu kiharusi, ila ulimi haukuguswa. Jana kaniambia nimenenepa kiasi kwamba nikitaka kuingia chini ya gari, jeki iniinue mimi kwanza.

Sasa kazi. Hedi zote mbili, vile vifuniko vya juu vya injini, zimepinda kwa joto, na kemshafti imelika. Uliniambia vipuri utachagua mwenyewe, basi chagua. Neno lako nalikumbuka, siku tulipomzika Baba, umeegemea gari hili hili: "Likiwaka tu, mdogo wangu, narudi kukaa na Mama, nawe uende zako." Chuo cha ufundi kimenishikia nafasi ya kufundisha injini hadi mwisho wa Agosti. Nina miaka hamsini na moja, Kaka. Nafasi kama hii haitapotea njia ikagonga mlango wangu tena.

Mama anakusalimu.

Mdogo wako

20 Februari

Mdogo wangu Fundi,

Barua yako nimeisoma wakati wa mapumziko, nikacheka mpaka msimamizi akanikata jicho. Mimi mzima, kazi tu ndiyo haiishi. Mpe Mama pole, umshike ule mkono kwa niaba yangu.

Hizo hedi za zamani usizitengeneze! Baba alistahili zaidi. Nimepata hedi za aluminiamu zenye valvu kubwa, nimeshazituma. Zitakwenda na kemshafti kali, ile inayosukuma valvu mbali ili injini ivute hewa kwa pupa. Hiyo inafuata. Litanguruma kama simba, mtaa mzima utatoka nje.

Ahadi ni deni. Likiwaka, nakuja.

Kaka yako

9 Mei

Kaka,

Natumaini hujambo. Sisi hatujambo sana. Hedi zilifika, zinang'aa mpaka Mama alijitazama humo, akauliza huyu bibi ni nani. Nimezilaza kitandani kwako, maana bandani kuna vumbi.

Kemshafti nayo imefika, nami nimeipima kama Baba alivyotufundisha. Niliazima kwa Mama ule udongo wa kufinyanga anaouminya kufanyia mkono mazoezi, nikaubandika juu ya pistoni, nikafunga hedi zako na kemshafti yako, nikazungusha injini kwa mkono, kisha nikafungua. Pale valvu ilipokanyaga, udongo umebaki mwembamba kama ganda la kitunguu. Injini ikishika mbio, valvu itagongana na pistoni, na hapo simba wako utamsikia kweli: simba aliyevunjika meno.

Halafu kemshafti kali haina nguvu injini ikizunguka polepole. Inatetemeka kama mwenye homa mpaka ufikie mbio ambazo barabara yetu, kwa mashimo yake, haijawahi kuzishuhudia. Gari hili litampeleka Mama hospitali. Halishindani na mtu. Nikubalie kemshafti ya kawaida nifunge, yaishe.

Mama anadai udongo wake. Anasema unanuka oili.

Mdogo wako

30 Juni

Fundi,

Habari za huko? Mimi sijambo.

Wewe na udongo wako! Basi kama hazipatani, tubadili hedi, kemshafti tuiache. Kuna nyingine nimeziona, valvu zake zina nafasi zaidi. Tafadhali usifunge chochote mpaka nichague. Mwambie Mama mwaka huu hauishi kabla sijafika.

Kaka yako

14 Agosti

Kaka,

Sikuulizi hali, nakuombea iwe njema.

Hedi zinasubiri kemshafti, kemshafti inasubiri hedi, nami nawasubiri nyote. Zimebaki siku kumi na saba za chuo.

Ngoja nikueleze siku yangu, usije ukadhani nakaa tu. Asubuhi namwosha Mama, namvika, namweka dirishani panapoonekana banda. Ana spana namba kumi na tatu. Akinihitaji, anagonga chuma cha dirisha. Naweza kwenda kokote nitakako, mradi mlio ule nausikia. Nimeshapima: unaishia kwa fundi cherehani, hatua mia na arobaini. Mji wangu ndio huo.

Nijibu.

Mdogo wako

20 Septemba

Fundi,

Samahani kwa kimya, huku mambo yalinisonga. Habari njema: hedi nimepata, aina ya tatu, hizi ndizo zenyewe. Waombe chuo wakuongezee mwezi. Watakuelewa.

Kaka yako

2 Oktoba

Kaka yangu,

Salamu zetu zikufikie ukiwa mzima. Nimechoka kukutania, kwa hiyo leo nakueleza lilivyokuwa, bila kupaka rangi.

Gari liliwaka tarehe kumi na moja Juni.

Hedi za Baba nilizipeleka kwa mchonga vyuma, akazinyoosha. Kemshafti ya kawaida nikaitoa kwenye gari bovu la aina ileile. Siku sita nikafunga kila kitu. Nilipowasha, Mama aligonga dirisha nikadhani ameanguka, nikakimbia na magoti yangu haya. Nikamkuta analia. "Sauti ya baba yenu hiyo," akasema. "Usiizime."

Kwa hiyo barua ya Agosti ilikuwa ya uongo. Niliiandika gari likiwa zima, limeoshwa. Niliogopa. Likiwa bovu, wewe ni kaka anayechelewa. Likiwa zima, wewe ni kaka asiyekuja, nami sina tena cha kusubiri. Nikaona heri tuendelee kuchagua hedi.

Tarehe thelathini na moja Agosti nilimpakia Mama, tukaenda chuoni. Nilimwambia mkuu wa chuo nafasi ile ampe mwingine. Akauliza kwa nini. Nikamjibu gari bado halijawaka. Alichungulia dirishani, akaliona uwanjani, Mama kakaa kiti cha mbele na spana yake mapajani. Hakuuliza tena. Mtu mstaarabu.

Tulipokaribia nyumbani, Mama akasema, "Umekataa kwa ajili yangu."

"Nimekataa kwa sababu vijana wa chuo wangenicheka, Mama."

"Muongo. Na mwenzio muongo. Nimezaa waongo wawili." Kisha akaunyanyua ule mkono mzito, mwenyewe, kwa tabu, akauweka juu ya wangu penye gia. Nilikwenda na gia moja mpaka mlangoni, maana kubadilisha ningeutoa.

Usinunue kitu kingine. Gari limewaka, Kaka. Hedi bado ziko kitandani kwako. Ukija, zisogeze ulale.

Mdogo wako