Duara Kwenye Namba Tatu

Bafu la Mtaa la Kashiwagi,
Sakai, Osaka.
14 Novemba 2011

Mpendwa dada Fusae,

Kaa chini kwanza usije ukaanguka: chuo kikuu kimeniita! Mimi kaka yako, niliyeacha shule darasa la nane, nimeketishwa na maprofesa kama mtaalamu wao. Bahati ikinitaka hainiulizi vyeti.

Haya, hujambo? Goti linasemaje na joto la huko Londrina, Brazili? Shemeji bado anakoroma? Sisi wazima, na maji ya bafu letu yanachemka.

Sasa binti yako Chizuru. Digrii yake nzima imening'inia kwenye karatasi ya maswali iliyotoka ng'ambo, ya kumpima mtu kama anajijua yeye ni nani. Kazi ya mtoto ni kuifanya iwafae Wajapani. Aliitafsiri, mwenzake akairudisha kwenye lugha ya ng'ambo kuona kama maana haijapotea njiani, kisha akaniletea nakala arobaini zijazwe na wateja wangu. Moja, hukubali kabisa. Tano, unakubali kabisa.

Upuuzi mtupu. "Najua mimi ni nani popote nilipo." Dada, nimepita bandari ishirini, na hata polisi hawajawahi kuniuliza ujinga kama huo.

Bi Okabayashi muuza tofu, ile jibini ya soya, taulo kichwani, akauliza, "Mbele ya nani? Mbele ya mkwe wangu au mbele ya paka?"

"Mbele ya mumeo," nikamwambia.

"Huyo! Miwani iko puani anaitafuta, ndiye atanijua mimi?"

Watu wakacheka, wakachunguliana karatasi, wakazungushia duara namba tatu, ile ya katikati, si ndiyo si hapana. Karatasi arobaini, tatu tupu juu hadi chini.

Profesa wa Chizuru, Inokuma, shingo kama bata, akamwambia, "Watu wako hawana nafsi. Rudia yote kabla ya mwezi kwisha, la sivyo humalizi mwaka huu."

Hawana nafsi! Bi Okabayashi kalea watoto sita kwa tofu, aje kupimwa na mtu asiyeweza hata kujisugua mgongo? Nilimwambia usoni pake: njoo uoge kwangu, uone nafsi zikiwa uchi.

Chizuru hakulia. Alimjibu kwa adabu, "Profesa, kosa ni la karatasi. Haisemi mbele ya nani." Sasa anaandika kila swali upya: nyumbani, kazini, kwa majirani. Yuko hapa kwenye meza yangu ya funguo za makabati ya wateja, macho mekundu, chai imepoa.

Msalimie shemeji, na watoto, Renato na Mayumi, wabusu mashavuni. Wazee wetu waliotangulia wawatazame huko mliko, msipungukiwe wali wala kicheko.

Kaka yako asiyekusahau,
Tetsuji

Bahasha imenishinda kufunga. Fusae, hakuna chuo kilichoniita. Nilifika getini, nikamwona huyo Inokuma kwa mbali, nikageuka. Na ni mimi niliyewaambia wote wazungushie tatu, nikidhani namrahisishia mtoto kazi. Hajui bado. Nakwenda kumwambia sasa hivi.